"Until Friday" au "by Friday"? Maneno mafupi ya Kiingereza yanayochanganya

Swali: "Mwalimu, jambo. Ninafanya kazi katika ofisi ya transiti, ya kupitisha mizigo forodhani, hapa Kampemba, Lubumbashi, na kila siku ninaandikiana kwa Kiingereza na wateja wa Ndola na Kitwe, kule Zambia. Kifaransa nilikisoma shuleni, Kiingereza nimekiokota kazini. Maneno marefu hayanisumbui, nikikwama nafungua kamusi. Yanayoniangusha ni yale mafupi yanayofanana: of na off, to na too, then na than, its na it's, in na on, na zaidi ya yote by na until. Juzi nilimwandikia mteja: The truck will be ready until Friday. Akatuma dereva Jumatano, karatasi bado hazijaisha, lawama zikanirudia. Je, kuna kanuni, au ni kukariri tu? Na Kifaransa changu kinanisaidia au kinaniharibia?"

Dada yangu, jambo sana. Nianze na sentensi iliyokuletea lawama, kwa sababu ni tatizo la peke yake. "By" na "until" hayana undugu wowote. "Of" na "off", "to" na "too", "then" na "than" ni ndugu wa tumbo moja, na hao wana kanuni yao nitakayokueleza baadaye.

Wewe ulitaka kusema kwamba Ijumaa haitapita kabla lori halijawa tayari. Mteja wa Ndola alisoma jambo lingine kabisa: lori liko tayari, litaendelea kuwa tayari hadi Ijumaa, baada ya hapo basi. Mtu aliyesoma hivyo lazima amharakishe dereva wake. Alitekeleza kile ulichoandika.

Chanzo cha kosa ni "mpaka" yetu. Kwa Kiswahili tunasema "nitakungoja mpaka Ijumaa", na tunasema pia "mpaka Ijumaa nitakuwa nimemaliza", na hakuna anayepotea, kwa sababu kitenzi kinabeba tofauti: "nitakungoja" ni jambo la kuendelea, "nitakuwa nimemaliza" ni jambo lililokwisha. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa maneno mawili. "Until" ni la jambo linaloendelea kisha likakatika siku hiyo: kukaa, kungoja, kulala, kuweka, kufanya kazi. "By" ni la jambo linalotokea mara moja, wakati wowote kabla ya siku hiyo au siku hiyo yenyewe: kufika, kulipa, kumaliza, kutuma, kusaini. "The truck will stay in Kasumbalesa until Friday": lori litalala pale mpakani hadi Ijumaa. "The truck will leave Kasumbalesa by Friday": linaweza kutoka Jumatano, Alhamisi, hata Ijumaa jioni, ila Ijumaa haitaisha likiwa bado pale.

Kwa hiyo usitazame siku, tazama kitenzi. Jaribu kuongeza "muda wote" kwenye sentensi yako ya Kiswahili. Ikikubali, andika "until". Jaribu kuongeza "isizidi". Ikikubali, andika "by". "Lori litakuwa tayari muda wote mpaka Ijumaa" siyo ulichotaka. "Lori litakuwa tayari, isizidi Ijumaa" ndicho. Basi: "The truck will be ready by Friday."

Hapa Kifaransa chako kingekuokoa kama ungekiuliza. "Until" ni jusqu'à. "By" ni "d'ici" au "au plus tard". Mtu wa transiti hachanganyi hayo mawili kwa Kifaransa hata akiandika amechoka, kwa sababu anajua gharama za kila siku lori linapolala mpakani.

Kuna mahali "until" inageuka hatari zaidi, nako ni kwenye sentensi ya kukanusha. "We will not pay until Friday" maana yake ni kwamba kabla ya Ijumaa hatulipi, na Ijumaa ikifika tunalipa. "We will not pay by Friday" ni habari mbaya zaidi: Ijumaa itafika na kupita, pesa bado. Sentensi ya kwanza inamtuliza mteja, ya pili inamfanya apige simu. Ukipokea sentensi ya namna hii, isome mara mbili kabla ya kumwambia bosi wako chochote. Na ukiona kwenye mkataba wameandika "on or before Friday", ni "by" ileile iliyofungwa vizuri ili asitokee mtu wa kubishana kama Ijumaa yenyewe imo au haimo. Imo.

Sasa hao ndugu wa tumbo moja.

Zamani, kabla Waingereza hawajaanza kuchapa vitabu, "of" na "off" lilikuwa neno moja, likiandikwa "of". "To" na "too" vilevile. "Then" na "than" vilevile. Kilichowatenganisha ni shadda, yaani nguvu ya sauti. Neno lilipotamkwa kwa uzito katika sentensi, lilibaki zima, sauti yake wazi. Lilipotamkwa kwa wepesi, kama kiungo kati ya maneno makubwa, lilimezwa. Baada ya karne kadhaa masikio yalisikia maneno mawili, na waandishi wakaanza kuyapa sura mbili. "Too" yenye o mbili ilienea katika karne ya 16. "Off" yenye f mbili ilitulia katika karne ya 17. "Then" na "than" zilichelewa zaidi; katika matoleo ya zamani ya Shakespeare, kama lile kubwa la 1623, unakuta "then" mahali ambapo leo lazima iwe "than". Mpaka mnamo mwaka 1700 ndipo mgawanyo ule ulipoimarika.

Sisi tunaosema Kiswahili hatuna sababu ya kushangaa. Tamka "barabara" ukiweka nguvu kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, umetaja njia ya magari. Hamisha nguvu hiyo silabi moja nyuma, umesema "sawasawa, ipasavyo". Herufi ni zilezile, uzito umehama. Tofauti ni kwamba sisi hatukubadilisha maandishi, wao walibadilisha.

Kwa hiyo kanuni uliyoniuliza ipo, nayo ni hii: uliza kama neno hilo lina uzito katika sentensi au ni kiungo tu. Likiwa na uzito, chukua sura nene: "too", "off". Likiwa kiungo, chukua sura nyembamba: "to", "of".

Iangalie kwenye kazi yako. "The weight of the copper": hapa "of" ni ile "-a" yetu ya kuunganisha, uzito wa shaba. Haina nguvu, ulimi unapita juu yake, na sauti yake ya mwisho ni v, siyo f. "They took the copper off the truck": shaba imeondolewa kwenye lori. Hapa kuna mwendo, kitu kimeachana na kitu, na f inasikika kavu. Kila penye kuondoka, kushuka, kuzima, kukatika, kuachana, ni "off". Umeme umekatika, "the power is off". Dereva ana siku ya mapumziko, "a day off". Na kila ambapo Kiswahili kingeweka wa, ya, cha, la, za, vya, ni "of". Ukiwa na a-unganifu kichwani, hutakosea tena. Fikiria umeandika "Please unload the bags of the truck" badala ya "off". Mwenye maghala wa Ndola ataelewa kwamba kuna mifuko iliyo mali ya lori, labda ya dereva, na ndiyo unayotaka ishushwe. Atabaki anauliza mifuko ipi.

"Too" ina maana mbili tu: "pia" na "kupita kiasi". Zote mbili zina uzito, zote zinatamkwa kwa kuvuta, tuu. "We are waiting too", nasi pia tunangoja. "The load is too heavy", mzigo ni mzito kupita kiasi. Kwingine kote ni "to". Lakini sikiliza jambo moja ambalo wengi hapa kwetu hulikosa hata wakiandika herufi sawa: "too heavy" siyo "nzito sana". "Very heavy" ndiyo nzito sana, na huenda hakuna tatizo. "Too heavy" maana yake imepita kiwango, lori litazuiliwa kwenye mizani. Ukimwandikia mteja kwamba mzigo wake ni "too heavy" wakati ulitaka kumsifu tu kwa ukubwa wa oda, umemwambia kwamba kuna faini njiani.

"Then" na "than" zinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa sikio halisaidii. Katika mazungumzo ya haraka "than" humezwa mpaka zote mbili zinasikika karibu sawa, ndiyo maana hata Waingereza na Wamarekani wenyewe hukosea. Hapo tumia maana. Kama Kiswahili chake ni "kuliko", ni "than", yenye a, na karibu kila mara kuna neno la kulinganisha kabla yake: "lower than", "more than", "earlier than", "other than". Kama Kiswahili chake ni "halafu", "kisha", "wakati ule" au "basi", ni "then". Ukitaka kishikizo cha kumbukumbu, "then" hujibu swali la "when", na yote mawili yana e. Bei ya mafuta ikiwa chini kuliko mwezi jana: "The price is lower than last month." Ukiweka "then" hapo, msomaji anapata "bei ni ya chini, halafu mwezi jana", na inambidi arudi nyuma kutafuta ulichokusudia.

Kuna pacha wengine ambao hukuwataja, nami naona wanafanya madhara ya kimyakimya: "a" na "one". Nao pia walikuwa neno moja. Zito likawa "one", jepesi likawa "an", na mbele ya konsonanti likapoteza n na kubaki "a". Sisi wa Lubumbashi tunaposema "mutu moya" mara nyingi hatuhesabu, tunamaanisha mtu fulani tu. Na Kifaransa kinatuunga mkono kwa "un" yake inayofanya kazi zote mbili. Ndiyo sababu tunaandika "I have one question" tukimaanisha tuna swali. Kwa Kiingereza "one" inahesabu: nina swali moja, siyo mawili. Siyo kosa kubwa, mpaka siku unapoandika "Please send one invoice" ukiwa na maana ya "tuma ankara", na mteja mwenye makontena matatu akaunganisha yote kwenye ankara moja kwa sababu umemwagiza hivyo.

Kuhusu "its" na "it's" sitakuweka sana. Ritifaa kwa Kiingereza, katika neno hili, inaonyesha herufi iliyodondoshwa: "it's" ni "it is" au "it has" na hakuna maana nyingine. Ifungue. Kama sentensi bado inasimama, weka ritifaa. Kama inaanguka, ni "its", yaani "-ake" ya kitu. "The truck lost its seal", lori limepoteza plombi yake, ile lakiri ya kufungia mzigo: jaribu "the truck lost it is seal", haisimami. Basi hakuna ritifaa. Watu huchanganyikiwa kwa kuwa "the driver's passport" ina ritifaa ya umilikaji, wakadhani umilikaji wote unaidai. Viwakilishi havina: his, hers, ours, yours, theirs, its. Neno "its" lenyewe ni changa, lilianza kuonekana kwenye maandishi mwishoni mwa karne ya 16. Kabla ya hapo walitumia "his" hata kwa vitu, ndiyo maana Biblia ya Kiingereza ya 1611, pale Mathayo 5:13, inasema chumvi imepoteza "his savour". Na kwa muda mrefu baadaye wengi waliandika umilikaji huo wakiweka ritifaa. Kwa hiyo usijione mjinga, neno lenyewe lilichukua karne mbili kutulia.

Sasa "in", "on" na "at". Hapa nataka nikupe moyo, maana Kiswahili chetu cha Katanga kina silaha ambayo Kiswahili cha vitabu hakina kwa wingi huo. Cha vitabu kinasema "nyumbani", "mezani", "mpakani", na "-ni" hiyo moja inabeba kila kitu. Sisi tunasema mu nyumba, pa meza, ku kazi. Tuna mu, pa na ku, kama ndugu zetu wanaosema Kibemba upande wa pili wa mpaka. Mwenye "mu" tayari ana "in": kitu kimezungukwa, kiko ndani. Hapo hutakosea. Ugumu uko kwenye "pa", kwa sababu inabeba "on" na "at" pamoja. Pa meza ni "on the table", pa mpaka ni "at the border". Ulizia kama kuna kugusana. Kitu kikikaa juu ya kitu, uso kwa uso, ni "on". Ukitaja tu nukta kwenye ramani ambako mtu au gari lipo, ni "at".

Chukua lori la shaba linaloondoka huku kuelekea Ndola. Zile bamba za shaba ziko "on the truck", kwa sababu zimepangwa juu ya jukwaa lake na kufungwa. Dereva yuko "in the truck", kwa sababu ameketi ndani ya kabini. Lori lenyewe liko "at the border". Pasipoti ya dereva iko "in the truck", na ukiandika "on the truck" mtu atakayetumwa kuichukua anaweza kwenda kuitafuta nyuma kwenye mzigo. Kwa basi Waingereza husema "on the bus", kwa teksi husema "in the taxi". Hilo likariri tu.

Kwenye wakati mpangilio ni mwepesi: saa huchukua "at", siku huchukua "on", mwezi na mwaka huchukua "in". At 10, on Monday, in March, in 2022. "In the morning" lakini "at night".

Ila kuna "in" moja ya wakati ambayo kwa kazi yako naiona kubwa kuliko hizo zote. "The truck will arrive in two days" haina maana ya "ndani ya siku mbili". Maana yake ni siku mbili kutoka sasa: hesabu, siku ya pili lori hilo hapo. Ukitaka kusema wakati wowote kabla siku mbili hazijaisha, andika "within two days". Kifaransa chako tena kinajua: "in two days" ni dans deux jours, "within" ni d'ici deux jours. Anayesoma "in" huandaa vibarua wa kushusha mzigo kesho kutwa. Anayesoma "within" huwaandaa kuanzia leo.

Umeniuliza kama Kifaransa kinakuharibia. Ndiyo, mahali pawili hasa. Kwanza ni depuis, ambayo hufanya kazi ya "since" na ya "for". Kwa sababu yake watu wetu huandika "I work here since three years". Hapo sahau Kifaransa, fuata Kiswahili safi: "tangu 2022" ni "since 2022", mwanzo wa jambo, "kwa miaka mitatu" ni "for three years", urefu wa jambo. Na kitenzi kiwe "I have worked". Pili ni de, inayoficha "of" na "from". Kiswahili kinatofautisha "bidhaa za Zambia" na "bidhaa kutoka Zambia". Bidhaa zilizotengenezwa Afrika Kusini na kupakiwa Ndola ni "goods from Zambia" kwa dereva, lakini nchi ya asili siyo Zambia, na kwenye karatasi ya forodha neno hilo moja lina ushuru ndani yake.

Mawili ya mwisho ni ya sikio. "Lose" na "loose": la kwanza ni kupoteza, linaishia na sauti ya z, la pili ni -liolegea, linaishia na s. "The seal is loose", plombi ya kontena imelegea, mtu wa forodha atakagua. "Do not lose the seal", usiipoteze. Na "live" na "leave", ambayo kwa masikio yetu ni kitu kimoja kwa kuwa Kiswahili hakina i fupi na i ndefu. "Leave" ivute, "live" ikate. Kwenye simu mbovu na mtu wa Kitwe usihangaike na i: sema "depart" kwa kuondoka na "stay" kwa kukaa, hakuna atakayekosea.

Mwisho, programu ya kusahihisha tahajia isikudanganye. Hata ikikuwekea mstari mwekundu kwenye mengine, mara nyingi "of", "then" na "its" huziacha zipite, maana zote ni maneno halali. Kabla hujabonyeza kutuma, pitia barua ukitafuta haya tu: by, until, then, of, its, in. Kila unapokuta moja, liseme kwa Kiswahili kimoyomoyo. Likikataa kusemeka, lifute uandike la pili.